Sonona, baipola na vidonge: tunajibu maswali yenu

Mwezi mzima sina raha, usingizi hauji, kazi inanishinda. Nipime nini nijue kama ni sonona? (Kijana, Mbagala)

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha sonona. Daktari anaijua kwa kukuuliza. Anatafuta huzuni, au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kisha anaangalia usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujilaumu, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo moja, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa. Dalili tano kati ya hizo tisa, mojawapo ikiwa kati ya zile mbili za mwanzo, zikidumu karibu kila siku kwa wiki 2 na kukukwamisha maishani, hapo jibu ni sonona. Damu huchukuliwa ili kuhakikisha si upungufu wa damu wala tatizo la tezi ya shingo.

Hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala zina huduma za afya ya akili. Ukifika, usiseme "kichwa kinauma" ukanyamaza. Utapimwa malaria na kurudishwa nyumbani.

Mke wangu alianzishiwa fluoksetini kwa sonona. Wiki ya tatu sasa analala saa mbili tu, anaongea bila kupumua, na amekopa kwenye simu akanunua majora ya vitenge. Si ndiyo amepona? (Baba wawili, Tabata)

La, ndugu yetu. Aliyepona sonona hulala. Huyu anaonekana amepanda, yaani amechangamka kupita kiasi, na huenda tangu mwanzo ilikuwa baipola, ugonjwa wa hali kupanda hivi na kushuka kwenye sonona kwa vipindi. Dawa ya sonona ikitumiwa peke yake inaweza kumrusha mwenye baipola upande wa pili. Kosa hili hutokea kwa sababu watu huenda hospitali wakiwa wameshuka. Wakiwa wamepanda hujiona wazima kuliko sisi sote. Ndiyo maana kabla ya kidonge cha kwanza lazima iulizwe: je, kuna wakati ulilala kidogo sana kwa siku kadhaa na bado ukawa na nguvu tele? Na aulizwe ndugu pia, maana mgonjwa mwenyewe husahau.

Mpeleke leo, na vidonge vyake mkononi. Fluoksetini kwa kawaida itasimamishwa, ila hutoka mwilini polepole, kwa wiki kadhaa, kwa hiyo msitegemee atulie kesho. Ataanzishiwa pengine olanzapini, risperidoni au lithiamu, dawa za kutuliza baipola. Wakitaja valproeti, nayo dawa ya baipola, ulizeni kuhusu uzazi: huharibu mimba, na mwanamke anayeweza kushika mimba hutafutiwa dawa nyingine kwanza. Kwa sasa kadi ya benki na simu ya mikopo shikeni nyinyi, mkikubaliana naye kama inawezekana. Msibishane naye usiku. Kukesha huongeza moto.

Natumia lithiamu. Ramadhani nifunge? (Dada, Magomeni)

Usiamue peke yako. Muone daktari wiki kadhaa kabla. Maji yakipungua mwilini, figo hushikilia lithiamu na kiwango chake hupanda, na joto la Dar linaongeza jasho. Kiwango cha kawaida ni 0.6 hadi 1.0 mmol kwa lita, damu ikitolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Dawa ikishazidi, mikono hutetemeka sana, unatapika, unaharisha, unayumba kama mlevi. Hapo usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali. Maumivu yakikupata tumia panadol; diklofenaki na ibuprofeni hupandisha lithiamu. Na ruhusa ya mgonjwa kutofunga ipo.

Siku kumi za amitriptilini kwa sonona, mdomo umekauka na nafuu sioni. Niache? (Mama, Tandika)

Usiache. Madhara hutangulia, nafuu huja wiki ya pili hadi ya sita. Ukipona, endelea miezi 9 hadi 12, kisha daktari akupunguzie taratibu. Vidonge vifungiwe, kwani vikimezwa vingi huvuruga moyo. Mawazo ya kujiua yakija, usikae peke yako: mwambie mtu akupeleke hospitali leo.

Shangazi anasema ni majini, twende kwa mganga. (Kijana, Manzese)

Dua haigombani na kidonge. Tunachogomba nacho ni kuacha dawa, na dawa za kumharisha mtu, kwa anayemeza lithiamu, maana humpunguzia maji mwilini.