Dereva asiyepanga nauli anaweza kusema amejiajiri?

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza kama kijana wako, aliyetoka Lindi kwenda Dar es Salaam kuendesha bajaji ya mtandao, ni mwajiriwa au amejiajiri, maana mkataba wake unamwita mshirika. Nakujibu kwa kuwa nami niliifanya kazi hiyo huko kabla ya kurudi Mtwara, ambako sasa napaki stendi ya Mkanaledi.

Mimi huanza kwa kuuliza nani anapanga nauli. Hapa stendi, abiria anayekwenda Mikindani tunapatana ana kwa ana: magunia yakijaza kiti cha nyuma, au mvua ikiwa imeharibu njia ya ndani anakoshukia, napandisha bei, akiwa bibi niliyemzoea, nashusha, wala hakuna wa kuniuliza. Kule Dar nauli ilikuwa imeshapangwa na kampuni ya mtandao kabla sijapokea ombi, na kamisheni ilikatwa humo humo. Bajaji ilikuwa yangu na mafuta nilinunua mimi, lakini biashara haikuwa yangu.

Mahakama ya Juu ya Uingereza, ilipoamua mwaka 2021 kwamba madereva wa Uber, kampuni ya usafiri wa mtandao, waliofungua kesi ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, ilitaja kwanza kabisa kwamba kampuni ndiyo iliyopanga nauli. Huko California, Marekani, sheria mpya ya ajira ilipoibana kampuni hiyo mwaka 2020, kampuni iliwapa madereva nafasi ya kujipangia bei. Kura ya wananchi ya Novemba ilipoiondolea mzigo wa sheria hiyo, mwaka uliofuata kampuni ikaifuta nafasi yenyewe. Jambo hilo liliniuma sana nilipolisoma.

Kwetu, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo na bila kujali mkataba umeandikwaje, ikiwa namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, au anamtegemea huyo kiuchumi. Naamini hata mwenzangu wa hapa kijiweni anayeendesha bajaji ya tajiri ana hoja: nauli anapatana mwenyewe, lakini hesabu anayompelekea tajiri jioni haipungui hata mvua ikinyesha kutwa.

Mwambie kijana atunze picha ya kila safari inayoonyesha nauli na makato. Akifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, picha hizo ndizo zitakazoonyesha nani alikuwa akipanga bei.