Changu doa na tembo: usidanganywe na doa

Mara ya kwanza kwenda kuvua mshipi Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, nilirudi mjini na mtungo wa samaki tisa, kifua mbele. Nikamwambia mamangu, "Leo changu doa watupu." Akamchukua mmoja, akampitisha kidole gumba shavuni kutoka nyuma kwenda mbele, akacheka. "Changu wako watatu tu, mwanangu. Hao sita tembo." Tembo wa baharini, si yule wa mnazi.

Si mimi peke yangu ninayekosea. Wote wawili ni samaki wa kikaango, saizi ya kiganja, na kila mmoja ana doa jeusi ubavuni kama aliyeguswa na kidole chenye masizi. Tembo ana mistari ya manjano, lakini akikaa kwenye barafu inafifia na doa linabaki. Ukitaka kulitumia doa lenyewe, angalia limekaa wapi. La changu liko katikati ya ubavu, usawa wa ncha ya pezi la kifuani. La tembo limesogea nyuma na juu, chini ya sehemu laini ya pezi la mgongoni.

Mimi naliamini shavu. La changu halina magamba, kidole kinateleza. La tembo lina magamba, ukipitisha kidole kutoka nyuma kwenda mbele kinakwama. Kisha mfunue mdomo. Changu ana midomo minene, na pembeni mwa taya mna magego ya mviringo kama shanga. Tembo ana chonge mbele, na zimeshanitoboa kidole nikimtoa ndoana kwa pupa. Siku hizi natembea na koleo.

Meno hayo ndiyo yanayokuchagulia chambo. Mwenye magego anasaga kaa, konokono, hata vitoto vya urumba, wale wa miiba. Basi changu mpe kipande cha kaa, na chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, ikae chini kabisa mchangani. Mwenye chonge anafukuza samaki wadogo na kamba, kwa hiyo tembo mkatie ukanda mwembamba wa dagaa au ngisi, chubwi iwe nyepesi ili chambo kielee kidogo. Ndoana natumia hiyohiyo, namba 12. Wanaokwambia kila samaki ana ndoana yake wanakuuzia ndoana.

Lakini pahala na wakati ndipo nilipopoteza bamvua nzima, siku zote za maji makubwa, nikijifunza. Changu doa ni wa mchana, wa majani na mchanga. Maji yakianza kujaa anapanda nayo kutafuta chakula pale palipokuwa pakavu saa mbili nyuma. Hutembea peke yake au wachache, kwa hiyo ukipata wawili na mshipi ukatulia, ng'oa nanga usogee. Nilikuwa nang'ang'ania pale pale nikidhani kundi litarudi. Kundi gani? Tembo ndiye mwenye kundi. Yeye hujibanza kwenye miamba, na anachangamka jua likishaanza kuzama. Ukipata mmoja, usihame. Ami yangu, mwenye ngarawa, hutwambia tunyamaze kabisa hapo, ingawa naona anapenda kunyamazisha watu tu.

Ukivua vihorini, kwenye vijito vya bahari ndani ya mikoko, wengi utakaowapata ni vitoto vya tembo, urefu wa kidole. Huko ndiko wanakokulia kabla ya kutoka kwenda mwambani. Warudishe. Na mwamba wa magharibi wa kisiwa cha Chumbe usiende na mshipi kabisa, ni hifadhi tangu 1994.

Jikoni, changu nampaka nazi juu ya makaa, nyama yake nene inavumilia moto. Tembo namchanja, chumvi, ndimu, thomu, nakaanga mpaka mapezi yavunjike kama kaukau. Mamangu hakubaliani nami hata kidogo: kwake tembo ni wa mchuzi wa embe mbichi, na anayemkaanga hajui samaki.