Wageni wasiokula kitunguu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Jumamosi nimealika jirani zetu Wajaini (wafuasi wa dini ya Ujaini iliyoanzia India), mume na mke, waje kula usiku. Nyama najua hawali. Niwapikie viazi vya karai na wali wa nazi? – Mama Wawili, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Wali sawa, viazi hapana. Wajaini walioshika dini barabara hawali kinachochimbwa ardhini: viazi, karoti, kitunguu wala thomu, maana ukiking'oa umeua mmea mzima na vijidudu vya udongoni. Mayai pia sahau. Mimi niliwahi kuwapikia wenzao mbaazi za nazi, najisifu mwenyewe, kumbe nimetia kichwa kizima cha thomu! Walikula ndizi mbivu huku wakitabasamu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mbaazi pika, ila zikoleze kwa nyanya, bizari ya pilau na pilipili mbichi. Bamia za ukwaju pembeni. Sufuria ya mchuzi wa nyama iache kabatini, hata kama umeisugua mpaka inang'aa.

Na huo usiku wenyewe: wengi wao jua likishatua hawali tena. Mpigie huyo mama jirani leo umuulize. Akisema ndivyo, sema waje saa kumi na moja.