Kitako cha wingu na hisabati ya mwaka wa kwanza

SWALI: Tangu utotoni mimi ni mtu wa kukodolea macho mawingu. Sasa niko mwaka wa kwanza wa sayansi ya hali ya hewa, na ninachokiona ubaoni ni hisabati na fizikia tu. Je, nimekosea kozi? Halafu kuna jambo sijawahi kujibiwa: kwa nini mawingu ya mchana hufumka juu kama pamba, ilhali chini yamekatwa sawasawa kama yamelazwa juu ya kioo?

JIBU: Hujakosea. Nianze na swali lako la pili, maana ndilo linalojibu la kwanza.

Jua likiipasha ardhi, hewa iliyo karibu nayo hupata joto, huwa nyepesi na kupanda. Huko juu mgandamizo ni mdogo, hivyo hewa hiyo hutanuka, na kutanuka kunakula joto lake: kama nyuzi 9.8 za Selsiasi kwa kila kilomita, mradi mvuke wake haujaanza kuwa matone. Kiwango chake cha umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kuwa matone, nacho hushuka, ila taratibu, kama nyuzi 1.8 kwa kilomita. Kwa hiyo pengo kati yake na joto hupungua kwa nyuzi 8 kila kilomita. Gawa mita 1000 kwa 8: ni mita 125 kwa kila nyuzi ya pengo.

Tuseme chini joto ni nyuzi 30 na umande 22. Pengo ni 8, kwa hiyo wingu litazaliwa kwenye mita 1000 hivi. Mchana hewa ya chini huwa imekorogeka vizuri, joto na unyevu vinakaribiana kila upande, basi kila fungu la hewa linalopanda huanza kuwa wingu kwenye kimo kilekile. Ndicho kitako bapa unachokiona. Kufumka kwa juu ni kwa sababu mvuke ukigeuka matone hutoa joto, na fungu hilo linapata nguvu mpya ya kupanda, kila moja kwa kiasi chake.

Umeona? Huko kushuka kwa joto kadiri kimo kinavyoongezeka ndiyo hisabati unayoilalamikia.

Nakuelewa, lakini. Mimi nilikuwa mtoto wa kuhesabu sekunde kati ya mmweko wa radi na ngurumo (sekunde 3 ni kilomita moja, takriban), na mwaka wa pili nusura niache. Aliyenibakisha ni Lewis Fry Richardson, mwanasayansi Mwingereza wa hali ya hewa. Mwaka 1922 alichapisha jaribio lake la kukokotoa kwa mkono mabadiliko ya mgandamizo kwa saa 6 za tarehe 20 Mei 1910. Alipata badiliko la hektopaskali 145 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo wa hewa). Hali halisi karibu haikubadilika. Aibu hiyo akaichapisha vilevile! Milinganyo haikuwa na kosa, vipimo vya kuanzia ndivyo havikuwa vimesawazishwa, na mwaka 1950 kompyuta ilianza kutabiri kwa njia iliyotokana na wazo lake.

Kwa sasa jipe zoezi. Taarifa za viwanja vya ndege hutaja joto, umande na kimo cha wingu kwa futi. Mita 125 ni kama futi 400. Kokotoa saa nane mchana, kisha linganisha. Rudia alfajiri, na hesabu itakugomea: wingu la saa hizo mara nyingi halikupandishwa na joto la ardhi.