Viti vya klabu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza kama uende kwenye ule ukumbi wa mtaa wenu hapo Coventry, wanakokutana kila Alhamisi kuimba, nawe muziki huujui na hapana unayemjua. Nilikusudia kukujibu la kuimba, lakini mawazo yamenipeleka kwenye viti.

Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipoanza kwenda klabu ya taarab. Jioni natoka Miembeni, kule Unguja mjini, navuka Darajani, nikifika nakaa mlangoni. Miezi minne sikushikishwa hata rika, kile kitari kidogo cha njuga. Kazi yangu kupanga viti na kuleta kahawa. Usiku mmoja nikapewa fidla. Tukaanza bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, mkono wangu ukabaki nyuma. Kiongozi akanyanyua kidole, ganuni ikanyamaza, dumbaki ikanyamaza, ikabaki fidla yangu inalia peke yake. "Wewe," akasema mbele ya watu wote, "nani kakwambia umeshajua?" Mpaka leo nikilikumbuka neno lile masikio yananiwaka.

Wiki tatu sikurudi. Bibi yako, unamjua kwa kuuliza, nikamwambia naumwa jino. Wiki ya nne akaja mzee mpiga udi wa klabu na baskeli yake. Hakushuka, aliweka mguu mmoja tu juu ya baraza yetu. La fidla hakulitaja. "Viti havijapangwa," akasema. "Njoo."

Nilivyokimbia siku ile! Ndiyo maana sichoki kukwambia: mahali huwa pako siku unayotumwa. Mgeni hatumwi. Hata Ikhwani Safaa, klabu kongwe ya taarab ya Unguja, walioanza tangu 1905, jina lao maana yake ni ndugu wenye nyoyo safi. Muziki haumo kwenye jina.

Lakini pengine nakosea. Yule mzee alikuwa akiijua nyumba yetu, na baba yangu akimjua. Wewe ukikosa wiki tatu huko, nani atakuja kukugongea? Hapo nasita. Tena nakumbuka kwamba nilipokaa mlangoni mara ya kwanza, hata mimi hapakuwa na aliyenijua jina.

Basi sikwambii nenda, wala sikwambii usiende. Mama yako amenikataza kukuamulia, nami nimelimeza neno kwa shida. Ila Alhamisi ukipita pale, pita mapema kidogo, utazame viti anapanga nani.

Baba yako