Muulize Fundi: Kutu kwenye bodi ya gari, na puti inayoficha uozo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2005, naishi Kigamboni na kazini navuka na pantoni karibu kila siku. Juu ya tairi la nyuma kushoto rangi imefanya malengelenge, halafu mlango wa nyuma kwa chini unachuruzika maji ya kutu kama chai kila nikiosha gari. Fundi wa mtaani anasema ni puti (ile ya kujazia na kusawazisha bati) na rangi tu, nusu siku kazi imeisha. Nimpe? – Mama Salma, Kigamboni

JIBU: Marahaba Mama Salma. Usimpe kwanza. Yale malengelenge unayoyaona nje ndo mwisho wa safari ya kutu, manake kwenye tao la tairi kutu mara nyingi inaanzia ndani, pale kwenye ule mkunjo wa bati ambapo tope linakaa na halikauki, inakula taratibu mpaka inatokea upande wa rangi. Kwahiyo mtu akija akapaka puti juu juu, gari itatoka inang'aa kweli, utamsifia, masika ikipita lengelenge liko palepale na limeongezeka ukubwa. Puti yenyewe inanyonya unyevu, ukiiweka juu ya kutu umeifungia maji humo ndani.

Fanya hivi, chukua bisibisi ubonyeze pale penye lengelenge, usione huruma, rangi hapo imeshakufa. Bisibisi ikizama au bati likibonyea na kumwaga vumbi la kahawia, pameoza, na dawa ya kuoza ni moja tu, kukata kile kipande mpaka ufike kwenye bati lisilo na kutu na kuchomelea kipya. Fundi akikuambia atajaza na gazeti au nyuzi za faiba kisha apige puti juu, mpe hela ya soda aende.

Ikigoma kuzama una bahati. Hapo ni kukwangua kwa grainda au msasa mgumu namba 80 hadi bati liwe jeupe, na asiishie pale lengelenge linapoishia, avuke kama vidole viwili mbele kwasababu kutu inatambaa chini ya rangi ambayo kwa macho unaiona nzima. Vitabaki vidoa vyeusi kwenye vishimo, hivyo grainda haivifikii, ndo inapokuja dawa ya kutu ile yenye asidi ya fosfori, mnafuata maelezo ya kopo, mnasafisha na kukausha kabisa. Kisha praima ya epoksi (rangi ya chini ya kukinga bati) juu ya bati, SIKU HIYO HIYO. Hii naandika kwa herufi kubwa makusudi, hewa ya Kigamboni ukiacha bati tupu usiku kucha asubuhi unakuta limeshaanza rangi ya machungwa, na mafundi wengi wanasema "nitamalizia kesho". Puti inakuja baada ya epoksi kukauka, kidogo tu ya kusawazisha, na isisuguliwe kwa msasa wa maji. Praima nyingine, rangi, klia (ile ya juu isiyo na rangi). Sasa niambie kama hiyo ni kazi ya nusu siku.

Rangi usikubali ya kukisia kwa macho. Kuna kibati cha maelezo ya gari, kwenye Toyota kiko kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, tafuta palipoandikwa C/TR au COLOR, namba ya kwanza ndo rangi, mfano 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 silva. Maduka yanayochanganya rangi yanatumia namba hiyo. Hata hivyo gari la 2005 limeshapigwa jua miaka mingi, kwahiyo fundi ajaribishe kwanza kwenye kipande cha bati.

Mlango sasa. Maji ya mvua yanapita kwenye raba ya kioo kuingia ndani ya mlango, ndo ulivyotengenezwa, na chini kuna vitundu vya kuyatolea. Vyako vimeziba. Lala chini uvitafute, vichokonoe na kijiti, utashangaa tope litakalotoka. Bila hivyo hata ukinunua mlango mpya utaoza vilevile. Na ukitoka kwenye pantoni siku za upepo osha chumvi ya bahari mpaka chini kwenye matao, ila kwa maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, visima vingi vya huko vina maji ya chumvi, utakuwa unairudishia chumvi ileile.

SWALI: Fundi habari, Vitz yangu nyeupe imejaa vidoti vidogo vya kahawia juu ya boneti na paa, vingi hatari. Nimeambiwa gari zima lipigwe rangi upya. Kweli? – Kijana wa Mbagala

JIBU: Subiri kwanza mdogo wangu, unapaki wapi? Nauliza kwasababu nahisi karibu na wewe kuna fundi wa mageti. Cheche za grainda zinaruka mbali, zinatua kwenye rangi zikiwa za moto zinang'ang'ania, mvua ikinyesha zinaota kutu, na kwenye gari nyeupe ndo zinaonekana. Hiyo kutu ni ya chuma cha mtu mwingine, bati lako halina kutu.

Osha gari, likiwa bado lina maji vaa mkononi mfuko wa nailoni wa mkate (ile ya kubebea si ilishapigwa marufuku 2019) upapase taratibu. Ukihisi chenga chenga ni cheche. Kuna dawa ya kupulizia inayoyeyusha vumbi la chuma, inageuka zambarau ikigusa, unasuuza isikaukie hapo, zilizobaki unazitoa na klei ya kusafishia rangi ya gari, maliza na waksi. Brashi ya waya au stilwaya usithubutu. Kama doti limeinua rangi kutoka chini hilo ni la kwako, rudi kwenye jibu la Mama Salma. Na hamisha gari pale.

SWALI: Nikipiga oili chafu chini ya gari inazuia kutu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Inazuia kiasi, lakini inakula raba za bushi (zile za kwenye maungio ya chini ya gari), inakamata vumbi, na ikidondokea kwenye diski za breki umejitafutia balaa. Lami ya chini ya gari ni bora, ila ikipakwa juu ya kutu inaificha tu. Pandisha gari, kwangua, epoksi, ikikauka ndo lami.