Mwanangu, usidanganywe na maumivu yaliyokata

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Nimepata ujumbe wako wa jana usiku. Unasema mwenzako wa chumba amefanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, na kwamba siku nzima nyote mlidhani ni tumbo la hedhi. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe uliyekaa wodi ya upasuaji miaka yote hiyo, nitajuaje kuwa hili si tumbo la kawaida?" Ningekupigia, ila simu zetu huishia kwenye "umekula?" na salio linakwisha. Acha niandike.

Nianze na mjomba wako, maana habari yake hujawahi kuisikia yote. Lile kovu lililopita katikati ya tumbo lake, analowaambia watoto kuwa aling'atwa na mamba, ni la kidole tumbo kilichopasuka. Nilikuwa kidato cha tatu, yeye ana miaka 19. Jioni alisema tumbo linamsokota, hapa kitovuni. Bibi yako alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mjomba wako, mtu wa kukomba sufuria, akasogeza sahani pembeni. Usiku akatapika. Kulipokucha maumivu yalikuwa yameshuka chini upande wa kulia, naye amelala ubavu, goti amelikunja, hataki kuguswa. Mzee mmoja wa mtaani akasema ngiri hiyo. Akachemshiwa mizizi, akasuguliwa mafuta ya nazi ya moto.

Siku ya tatu alfajiri maumivu yakakata. Bibi yako akamshukuru Mungu kwa sauti, mjomba akaomba uji. Kufika alasiri tumbo limekuwa gumu kama ubao, anatetemeka kwa homa, midomo imekauka. Tulimpeleka hospitali juu ya pikapu ya nazi. Ule unafuu wa alfajiri ndio saa kidole kilipopasuka, na usaha ukamwagika tumboni.

Ndiyo maana mimi siulizi kwanza maumivu ni makali kiasi gani. Tumbo la kuhara linaweza kukuliza kuliko kidole tumbo. Nauliza yalianzia wapi, sasa yako wapi, na ni saa ngapi zimepita.

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kinachoning'inia mwanzo wa utumbo mpana. Mara nyingi huzibwa na kinyesi kilichokauka, au tezi zake za ndani zikavimba, na mara mojamoja ni minyoo. (Ni nadra sana kuwa mbegu za mapera au mchanga wa kwenye mchele, hata shangazi zako waape vipi.) Kikishaziba kinajaa na kuvimba. Mwanzoni mwili hauwezi kupaonyesha mahali penyewe, unahisi kitovuni tu. Uvimbe ukigusa utando wa ndani wa ukuta wa tumbo, ndipo mgonjwa anaweza kukuonyesha kwa kidole kimoja. Shika mfupa wa nyonga unaojitokeza mbele upande wa kulia, pima kutoka hapo hadi kitovuni. Theluthi ya kwanza kutoka kwenye mfupa ndipo penyewe. Daktari Charles McBurney wa New York alipaeleza mwaka 1889, na hadi leo madaktari hubonyeza hapo hapo.

Kuhama huko kwa maumivu huchukua saa kadhaa, mara nyingi hata siku nzima. Hamu ya kula hupotea mapema. Mtu anayeniambia anaumwa kidole tumbo huku anauliza chipsi zimebaki, huwa namwangalia mara mbili. Kutapika kwa kawaida huja baada ya maumivu. Kama kutapika na kuhara ndiko kulikotangulia, na wenzako mliokula nao wanapishana chooni, fikiria chakula kwanza, ingawa usiape, maana wapo wa kidole tumbo wanaoharisha. Homa mwanzoni huwa ndogo, nyuzi 37.5 au 38 hivi, mtu anaidharau.

Kipimo ninachokipenda mimi ni matuta. Mgonjwa akifika namuuliza, kwenye bajaji ulikuwaje? Wengi wa kidole tumbo watakwambia kila tuta lilikuwa kama kisu, wakamwomba dereva apite polepole. Mkiwa hosteli, mwambie akohoe, au asimame kwa vidole vya miguu kisha aangushe visigino sakafuni. Akijishika chini kulia na uso ukakunjamana, msianze kumbonyezabonyeza kwa zamu. Tafuteni usafiri.

Ila si kila mmoja anafuata njia hiyo. Kidole kikiwa kimejificha nyuma ya utumbo, maumivu huwa ubavuni au mgongoni. Kikining'inia chini kuelekea kibofu, mtu anakojoa kwa maumivu, anaambiwa UTI na kupewa vidonge. Kwa mjamzito kinaweza kusukumwa juu. Watoto wadogo na wazee ndio wanaotuponyoka zaidi, maana dalili zao hufifia.

Kwenu wasichana kuna jambo jingine. Maumivu ya chini upande mmoja yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, au kifuko cha mayai kilichojisokota, na yote mawili hayasubiri asubuhi. Daktari atakuuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini na kama unaweza kuwa mjamzito. Sema ukweli. Kama nimesimama pale na unaona haya, niambie nitoke nje, nitatoka na sitauliza.

Sasa, uende lini? Maumivu ya tumbo yakidumu saa sita bila kuachia, au yakihamia kulia chini, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni saa tisa usiku. Tumbo likikakamaa, homa ikipanda, ukizimia au kuhisi kuzimia, au maumivu yakikata ghafla bila sababu, hapo usihesabu saa. Hatari ya kupasuka huongezeka kadiri unavyochelewa, hasa siku ya kwanza ikishapita.

Ukiwa njiani usile wala usinywe, huenda ukaingia chumba cha upasuaji. Usinywe dawa ya kulainisha choo, usipigwe bomba la kusafisha tumbo, usikandwe maji ya moto. Panadol haitamficha daktari ugonjwa. Ninachogombana nacho ni ule mchezo wa duka la dawa, diklofenaki ya maumivu leo, antibiotiki ya Flagyl kesho, na siku ya tatu ndiyo mnakumbuka hospitali.

Huko watakupima damu, mkojo na ujauzito, na ultrasaundi ikiwepo. Majibu yakiwa mazuri nawe bado unaumwa, usione aibu kurudi. Kipimo cha saa mbili asubuhi hakijui ya saa mbili usiku. Baadhi ya wagonjwa ambao kidole hakijapasuka hutibiwa kwa antibiotiki tu, lakini huo ni uamuzi wa daktari, wala si wa muuza duka.

Mkufunzi wetu alikuwa na kisa chake kimoja kila tukifika somo hili: Mfalme Edward VII wa Uingereza alikuwa atawazwe tarehe 26 Juni 1902, wageni wameshafika, na siku mbili kabla akalazwa mezani kutolewa usaha wa ugonjwa huu huu. Akatawazwa Agosti. Kwa hiyo nisisikie habari ya "nina mtihani kesho."

Mwenzako mpe pole yangu. Akitaka kukohoa au kucheka akumbatie mto juu ya kidonda. Ndoo za maji za kupandisha ngazi ambebee wewe, hata akisema amepona. Kidonda kikiwa chekundu au kikitoa usaha, au homa ikirudi, arudi wodini.

Nimekutumia elfu ishirini kwenye simu. Ni ya bajaji ya usiku, yako au ya mwenzako. Nakujua; usiiguse kwa chipsi.

Mama yako